Chemba Mbili za Fundi Mbuyi

Chileshe alikuja Alhamisi asubuhi, amevaa kitenge cheusi cha ujane, akasimama nje ya mlango wa chuma mpaka Fundi Mbuyi alipozima mashine yake. Hakuingia. Katika mtaa wa Hewa Bora watu hawaingii ovyo kwa fundi wa bunduki, na mjane ambaye matanga yake hayajamalizika haingii ovyo popote.

"Jambo, papa Mbuyi."

"Jambo, mama. Karibu, kaa hapa kivulini."

"Siwezi kuikala. Nimekuya na neno moya tu." Alikaza fundo la kitenge chake. "Hii siku ya posho, kesho kutwa, tunatosha kilio, tunamaliza matanga ya bwana yangu. Bantu bote banasema Chama alikufa juu ya buvivu, banasema bunduki yake ilikuwa buchafu. Hata batoto yangu banaimbiwa vile ku masomo. Weye njo ulifungula ile bunduki. Ilikuwa buchafu?"

Mbuyi alichukua kitambaa akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, kana kwamba mafuta yalikuwa mengi. Swali hilo alikuwa amelingoja kwa miezi kumi. Jibu lake lilikuwa neno moja, nalo lilikuwa limekaa chini ya ulimi wake muda wote huo kama kokoto.

"Chuma kina mambo mengi, mama," alisema. "Acha nitazame karatasi zangu."

"Sikuuliza karatasi," Chileshe alisema. "Niliuliza macho yako."

Akaondoka. Vumbi jekundu la mwezi wa saba lilimfuata mpaka kona.

Paulin Mbuyi alikuwa na umri wa miaka sitini na minane. Baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, na mwana alikulia Lubumbashi, akajifunza kukereza chuma katika karakana kubwa ya migodi. Huko alifundishwa kwamba unywele wa binadamu ni kitu kinene. Fundi wa kweli huugawa mara kumi na bado hugombana na kipande cha mwisho. Katika miaka ile mibaya ya tisini, Wakasai walipofukuzwa mkoani, alimpakia mkewe Hortense na watoto kwenye treni, yeye akabaki, akalala nyuma ya mashine yake majuma mengi, kwa sababu msimamizi hakuwa na mwingine wa kukereza gia za winchi. Alipokuwa akilala pale alijiambia kwamba mikono yake ndiyo iliyomwokoa. Aliliamini jambo hilo kuliko watu wengine wanavyoamini sala.

Karakana ilipofifia, alipata ruhusa ya serikali ya kutengeneza bunduki za wawindaji na za walinzi wa wanyama. Mlangoni hakuandika kitu. Bunduki si mkate, alikuwa akisema, haitangazwi. Wenye haja walimjua. Walijua pia kwamba bunduki iliyopita kwa Mbuyi inapiga pale jicho linapotazama.

Siri yake, kama ilikuwa siri, ilikuwa nyuma ya mtutu. Hapo pana chumba kidogo ambacho mafundi hukiita chemba. Ndimo risasi hulala na ganda lake kabla ya komeo la chuma kufungwa nyuma yake. Mtutu mpya huja ukiwa haujamaliziwa chumba hicho, na fundi hukikata kwa chombo chenye meno marefu, kama muwa wa chuma. Mbuyi alikuwa na vyombo viwili vya kazi hiyo, vyote vikiwa vimefungwa katika flaneli.

Cha kwanza kilikata chemba ya kubana. Ndani yake risasi hulala kama mtoto aliyefungwa mgongoni kwa kitenge kizuri: haiyumbi, haielemei upande, na ncha yake karibu inagusa mifuo ya mtutu, ile michirizi ya ndani inayoizungusha risasi. Kwa hiyo hutoka imenyooka, na ya pili huifuata ya kwanza. Lakini chemba hiyo huchagua. Inataka ganda la kipimo kimoja, safi na laini, kutoka kiwanda kimoja.

Cha pili kilikata chemba pana, ile wanayopendelea wanajeshi. Risasi hupumua kidogo mle ndani, nayo husafiri nafasi ndogo kabla ya kuikamata mifuo. Kwa hiyo hutoka na mawazo yake mwenyewe, leo kulia, kesho kushoto. Lakini chemba pana ni mwenye nyumba asiyechagua mgeni: ganda nene, ganda jembamba, lenye vumbi, la shaba au la chuma, huingia, na baada ya mlio hutoka. Kwani risasi za mwindaji na risasi za jeshi za kipimo kilekile, ukiziweka mezani, ni mapacha. Mbuyi mwenyewe alikuwa pacha, na jina lake lilimtangaza hivyo kwa kila Mluba. Alijua kwamba yeye na ndugu yake Kabanga hawakuwahi kuvaa kiatu kimoja.

Miaka miwili nyuma alikuja Kapya, mkuu wa walinzi wa hifadhi iliyoko juu uwandani, upande wa barabara ya Kasenga. Alileta bunduki kumi na mbili ambazo mitutu yake ilikuwa imechakaa, mitutu mipya kumi na miwili, na sanduku moja la risasi nzuri za ng'ambo, zinang'aa kama meno. Mbuyi alikata chemba moja ya kubana, na moja pana katika mtutu wa zamani wa kwake mwenyewe, wakaenda uwanja wa shabaha. Kwa hatua mia, chemba pana iliweka risasi tano katika upana wa kiganja. Chemba ya kubana iliweka tano chini ya kizibo cha chupa ya bia.

Kapya alicheka kwa furaha, akakigonga kizibo kile kwenye karatasi. "Vieux, mzee wangu, weye uko mulozi! Zote zikate vile."

Mbuyi akazikata. Kumi na mbili, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja alisikia joto kifuani, lile joto la mtu anayesifiwa na kitu kisichoweza kumsifu kwa uongo. Lakini hakuuliza, kwa sababu katika karakana alikolelewa chuma kilikuja na karatasi yake na mtu hakuuliza zaidi: walinzi wenyewe, huko juu, wanabeba risasi gani mifukoni?

Mwezi wa tisa mwaka uliofuata, nyati mwenye waya wa mtego mguuni aliingia shambani kwa watu, karibu na kituo cha walinzi. Chama, mume wa Chileshe, alisimama kati yake na wanawake waliokuwa wakichimba mihogo. Alipiga mara moja, bega. Wanawake wale walisimulia kwamba baadaye walimwona akipigana na bunduki yake, anavuta komeo, anaipiga kwa mkono, anaivuta tena. Mlio wa pili haukuja.

Tume ya uchunguzi ilikaa siku moja. Iliandika: silaha haikusafishwa. Kisha bunduki ikaletwa Hewa Bora itengenezwe.

Mbuyi alilitoa ganda lililokwama kwa fimbo ya shaba na nyundo ya mbao. Akaingiza taa ndani ya chemba, na alichokiona kilimfanya aketi. Chemba ilikuwa safi kama kikombe cha misa. Mafuta yalikuwa mapya, yamepakwa kwa mkono wa mtu mwenye adabu. Ganda lile, la chuma na la kiwanda kingine kabisa, lilikuwa na alama ya kusuguliwa kuanzia shingoni hadi kitakoni, mahali pote, bila kuacha upenyo wa kuingia hata pumzi. Chama alikuwa ameisafisha bunduki yake. Bunduki yake ndiyo iliyokataa risasi yake.

Akatia sahihi chini ya maneno ya tume, kwenye karatasi iliyoletwa pamoja na bunduki. Akairudisha bunduki.

Sasa, mchana ule wa Alhamisi, Hortense alimwekea bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga, akamtazama akiumega ule bukari bila kuupeleka mdomoni.

"Mama Chileshe alipita," Hortense alisema. "Nilisikia yote. Nilikuwa ku dirisha."

"Dirisha lako lina masikio makubwa."

"Na mume wangu ana mdomo mdogo. Maisha yako yote ulipima chuma mpaka unywele. Huo mdomo hauwezi kufunguka hata unywele moya?"

"Nikisema, hii nyumba inafungwa. Jina langu linakwisha."

"Na jina ya ule mwingine?" Hortense alichukua sahani yake mwenyewe akaenda kulia uani.

Ijumaa Kapya alifika na habari njema: mitutu mingine kumi na miwili ilikuwa njiani, na alitaka chemba zilezile. Mbuyi alimwambia waende kwanza uwanjani. Alichukua bunduki mbili: moja ya kubana aliyokuja nayo Kapya, na moja yake mwenyewe aliyoikata upya Alhamisi jioni, pana. Alimwomba Kapya asilete sanduku tu. Alete mfuko wa mlinzi, kama ulivyo, kutoka kiunoni mwa mtu.

Uwanja ulikuwa nje ya mji, nyasi zimeungua, kichuguu kimoja nyuma ya shabaha. Walianza na risasi nzuri, na mambo yakawa yaleyale: kizibo hapa, kiganja pale. Kapya akatabasamu. Kisha Mbuyi akaumwaga ule mfuko juu ya gunia.

Zilitoka risasi za miaka na njia mbalimbali: za shaba iliyofifia, za chuma zilizopakwa vanishi, nyingine zikiwa na vumbi jekundu limeshikana na jasho. Waliitwaa bunduki pana. Ishirini ziliingia, ishirini zikatoka, na zote zikaenea kwenye shabaha katika upana wa sahani ya kulia.

"Si muzuri sana," Kapya alisema.

"Kifua cha nyati ni kipana kuliko sahani. Sasa hii."

Kapya alilala nyuma ya ile ya kubana. Ya kwanza ikaenda, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikataa kuingia mpaka alipolisukuma komeo kwa nguvu. Akafyatua. Akavuta komeo, na komeo halikuja. Akalipiga kwa kiganja. Akainuka, akakiegemeza kitako chini, akalipiga kwa kisigino cha kiatu. Mbuyi alikuwa amesimama kando, anahesabu kimoyomoyo, bila kutaka, kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa. Alipofika kumi na moja komeo likafunguka. Nyati hahitaji hata nusu ya hesabu hiyo.

Kapya hakuwa mjinga. Aliliokota ganda lile, akaligeuza juani, akaiona alama ya kusuguliwa.

"Njo vile," alisema taratibu.

"Njo vile. Na chemba yake ilikuwa safi, chef. Niliiona."

Walikaa juu ya gunia. Upepo ulileta harufu ya majani yaliyoungua.

"Basi tupanue zote," Kapya alisema mwishowe. "Zile kumi na moja zilizobaki kwa walinzi, na hizi mpya. Juma hili. Hakuna mwingine atakayekufa. Kazi imekwisha."

"Na Chama?"

"Chama ni mufu, vieux. Karatasi ilikwenda juu, mkono wangu uko pale, na wako pia. Ukisema ni chemba, watauliza: nani aliikata? Watauliza: nani aliipokea bila kujaribu mifuko? Weye watakunyang'anya ruhusa, miye cheo. Ule bwana watamurudishia nini?"

"Jina."

"Jina halitembei porini. Bunduki njo zinatembea porini, na bunduki tunazitengeneza." Alimshika bega, karibu kwa upendo. "Wache, vieux. Umekuwa mzee muzuri. Bakia vile."

Na usiku ule Mbuyi alilala, jambo ambalo lilimwaibisha kulipokucha. Alikuwa amelala kama mtu aliyepewa dawa. Kumi na moja zingepona. Hesabu ilikuwa nzuri. Ni moja tu iliyokosekana, na hiyo ilikuwa tayari chini ya udongo.

Jumamosi alikwenda kwenye matanga na Hortense. Lupango la Chileshe, ua wake wote, lilikuwa limefagiliwa mpaka udongo ukang'aa. Turubali lilifungwa kati ya mparachichi na ukuta. Vyungu vya munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi, vilipangwa. Samaki wa Kasenga walikuwa wakichemka katika sufuria kubwa kama ngoma. Watu wa ukoo wa Chama walikaa upande mmoja, na mbele yao nafasi iliachwa wazi kwa mtani.

Mtani alikuwa Jeannot, mnyoa nywele wa mtaa wa pili. Ukoo wake na ukoo wa Chama wamezikana na kutukanana tangu enzi za mababu, na siku ya kumaliza matanga kazi yake inajulikana: amtukane marehemu mpaka wafiwa wacheke, ili kilio kitoke nyumbani kwa mlango wa kicheko. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Na mgeni haruhusiwi kuingilia. Atakayeingilia hupakwa majivu kichwani na kuwa kitoweo cha mtani mpaka jua lizame.

Jeannot aliingia amevaa kofia kubwa ya mvua, fimbo ya ufagio begani.

"Mimi ni Chama!" alipiga saluti. "Mlinzi wa nyama ya watu wengine! Nyumbani nakula dagaa!"

Watu walicheka. Hata shangazi wa marehemu, bibi mmoja aliyejikunja kama kamba, alionyesha fizi zake.

"Mwanamke wangu alinikimbia mara tatu! Mara ya nne hakukimbia, kwa nini? Viatu vyake mimi ndiye niliyevivaa!"

Chileshe alicheka kweli, mkono mdomoni, na kwa dakika moja alikuwa msichana. Kisha Jeannot akaushusha ule ufagio, akauchungulia, akafinya pua.

"Hiki ni nini ndani ya bunduki yangu? Hee! Kuku ametaga!" Akachomoa unyoya wa kuku, akaupeperusha. "Ngoja, papa nyati, usikimbie, kwanza nitoe vifaranga!"

Kicheko kilipanda mpaka kwenye turubali. Mbuyi alimtazama Chileshe. Mdomo wake ulikuwa bado unacheka, kwa sababu desturi iliushika pale; lakini macho yalikuwa yamekwenda kwa watoto wake wawili, na watoto walikuwa wakitazama ardhi. Hapo ndipo Mbuyi alipoiona hesabu yake upya. Hakukuwa na moja iliyokosekana chini ya udongo. Walikuwa watatu, wamekaa juu ya mkeka, wanapumua.

Akasimama.

"Wacha," alisema. "Bunduki ya Chama ilikuwa safi."

Zogo likazuka. Jeannot aligeuka akitabasamu, kama mwindaji aliyeletewa mnyama mlangoni.

"Nani huyu? Mukasai ameingia mu butani ya benyewe! Leteni majivu!"

Wanawake wawili walikuja wakicheka na kipande cha chungu chenye majivu kutoka jikoni, wakayamwaga kichwani mwa mzee yule. Yalimwingia machoni na kwenye kola ya shati la kanisani. Hortense alifumba macho, lakini hakuinuka.

"Sema tena, mukwe wa nyati!" Jeannot alimpungia unyoya. "Ilikuwa safi kama nini? Kama kichwa chako?"

"Ilikuwa safi kama kikombe cha misa. Niliifungua mimi." Mbuyi alijifuta majivu machoni. "Ganda lilikwama kwa sababu nilikata chumba chake chembamba mno. Niliipima kwa risasi nzuri za sanduku, ipige sana, nisifiwe. Risasi alizopewa yeye zilikuwa nene. Ya pili haikutoka. Nililiona ganda, nikajua siku ileile, nikatia mkono wangu kwenye karatasi ya uongo. Chama hakuwa mvivu. Mvivu ni mimi: sikuuliza."

Hakuna aliyecheka. Jeannot alibaki na ufagio mkononi. Kwa mara ya kwanza siku ile hakujua kazi yake iko upande gani. Alimtazama yule shangazi.

"Endelea," bibi alisema. "Njo kazi yako. Lakini mufu umemumaliza. Geukia huyu."

Jeannot aliivua kofia, akaivisha juu ya majivu ya Mbuyi, akaanza tena, polepole, sauti imebadilika.

"Basi mtazameni mvivu wa leo. Alipima mtutu. Alipima ganda. Alipima unywele wa mama yake. Akasahau kupima mfuko wa Chama." Alitaka kuongeza jambo la kuchekesha, watu wakaona linatafutwa na halipatikani. "Alisahau kupima mfuko wa Chama," akarudia, na akaketi chini, pale pale, katikati ya uwanja.

Chileshe aliinuka. Watu walidhani atapiga yowe, au atamtemea mate. Wengine walijiweka tayari kumshika. Alipita kati yao mpaka mbele ya Mbuyi, akaiondoa ile kofia, akampa mtoto wake mkubwa aishike. Mmoja wa wanawake alileta beseni la maji, kwa huruma.

"Hapana," Chileshe alisema. "Asinawe."

Kisha akamwambia Mbuyi, kwa upole ambao ulikuwa mgumu kuliko hasira: "Hapa umesema kwa bantu. Bantu balisikia, ni muzuri. Lakini banamwandika mvivu kwa karatasi. Kapya anaikala wapi?"

"Karibu na kanisa."

"Tuende. Vile uko."

Walitoka, yeye mbele na mzee nyuma, Hortense hatua chache kando. Walipita barabara nzima ya Hewa Bora kukiwa bado na jua. Wauza mkaa na wasusi wa nywele waliacha kazi zao kumtazama Fundi Mbuyi, mtu wa shati safi, akitembea na majivu mpaka kwenye nyusi. Wengine walimsalimu kwa mazoea. Alijibu kila salamu.

Kapya alifungua mlango akiwa na kandambili miguuni. Alimwona mjane, akaona majivu. Alijaribu kutabasamu, na tabasamu halikuja.

"Chef," Chileshe alisema, "leta karatasi na kalamu."

Kapya alisita, mkono kwenye fremu ya mlango. Lakini Chileshe alikuwa amekwisha ingia, naye akiwa bado katika nguo za matanga. Na mwanamke wa namna hiyo akiingia nyumbani mwako, humtoi. Kapya alileta karatasi. Aliketi.

Chileshe alimvutia Mbuyi kiti.

"Sema tena, papa," alisema. "Polepole. Aandike."